Juma: Jina la Siku, Jina la Mtu na Swali la Majazi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na jibu moja la mtihani ambalo limeninyima raha. Si mtihani wa taifa. Ni ule wa muhula wa pili tuliotunga wenyewe katika idara yetu, na kifungu cha swali nilikiandika mimi. Kilisimulia habari za bawabu aitwaye Juma aliyelinda ghala la mahindi la tajiri mmoja. Majirani walimpachika jina la Kufuli kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kupita langoni pake bila ruhusa. Usiku mmoja Mzee Tamaa akamwendea na bahasha nene, akitaka lango lifunguliwe ilhali mwenye ghala alikuwa safarini. Juma akakataa. Swali la (c) likauliza: Eleza jinsi mbinu ya majazi ilivyotumika katika kifungu hiki (alama 4).

Mtahiniwa mmoja alimtaja Mzee Tamaa, akaeleza vizuri, akapata alama mbili. Kisha akaandika kwamba "Juma" nalo ni jina la majazi kwa sababu maana yake ni aliyezaliwa Ijumaa, siku ya ibada, na Juma wa kifungu ni mcha Mungu asiyekula rushwa. Nikamnyima alama. Kando yake nikaandika kwa wino mwekundu: Jina la kawaida tu, halina maana.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniletea taabu. Tulipoketi kusawazisha alama, mwalimu mwenzangu wa idara aliishika karatasi hiyo akaniuliza, "Halina maana? Ni jina gani la Kiswahili lisilo na maana, mwalimu?" Tulibishana hadi kengele ya chakula cha mchana ikalia. Wiki iliyofuata, niliporudisha karatasi darasani, msichana mmoja wa viti vya nyuma aliinua mkono akasema, "Mwalimu, baba yangu anaitwa Juma. Alizaliwa Jumatatu, na sisi ni Wakristo." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na la kumjibu.

Makala haya ni jibu nililostahili kumpa msichana yule siku ile. Tutalifuata jina hili tangu lilikotoka hadi lilikofika, kisha turudi kwa swali la (c).

Asili ya neno

Juma limetokana na neno la Kiarabu jum'a, ambalo pia hutamkwa jumu'a. Mzizi wake ni wa konsonanti tatu, yaani jim, mim na ain, na dhana iliyomo katika mzizi huo ni ya kukusanya au kukutanisha. Kiswahili kimechota maji mengi katika kisima hicho: jamaa, jamii, jumuiya, jumuisha. (Tahadhari kidogo kwa wapenzi wa etimolojia: jumla haimo katika ukoo huu ingawa inafanana nao kwa sura. Mzizi wake unaishia kwa lam, si ain. Nimewahi kulifundisha kosa hilo mwenyewe, na kwa kujiamini sana.)

Mapokeo ya Waarabu yanaeleza kuwa kabla ya Uislamu siku hii iliitwa Aruba. Jina la Jumu'a lilishika kwa sababu ya watu kukusanyika kwa sala ya pamoja ya adhuhuri, na Sura ya 62 ya Kurani imepewa jina hilohilo. Kwa hivyo, kwa asili yake, jina hili halisemi "mtu wa ibada". Linasema "wa siku ya mkusanyiko". Waarabu wenyewe wamewaita wana wao wa kiume Jum'a, na ndivyo lilivyoanza safari kama jina la mtu.

Lilipofika pwani yetu, sauti ya ain, ambayo haimo katika Kiswahili, ilipotea na kuacha irabu. Kutoka kwa neno moja tukapata matatu: Ijumaa, jina la siku, juma, kipindi cha siku saba, na Juma, jina la mwanamume, ambalo baadhi ya wenyeji wa pwani hulitamka Jumaa hadi leo. Sarufi yetu imeyatenganisha kwa ngeli. "Juma limepita" ni wiki iliyokwisha. "Juma amepita" ni kijana aliyeelekea dukani. Ni mfano mzuri wa kuwaeleza wanafunzi kwamba nomino ya pekee inayotaja mtu huchukua upatanisho wa A-WA hata pale neno lilimochimbuka ni la LI-YA.

Papo hapo waonyeshe wanafunzi ajabu ya hesabu ya siku zetu. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, ya tano. Hapo hesabu ya Kibantu inakoma na Waarabu wanaipokea: Alhamisi. Nayo Alhamisi maana yake ni ya tano pia, kwa vile Waarabu huanza kuhesabu kutoka Jumapili. Tuna siku mbili zinazoandamana, zote mbili zikijiita ya tano, na hakuna anayekosa miadi kwa sababu hiyo.

Kutoka kwa siku hizo yakazaliwa majina. Mvulana wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi. Wasichana wao ni Mwanajuma au Mwajuma, na Mwanahamisi. Tanzania utakutana na wanaume wanaoitwa Jumanne. Miezi nayo ikatoa Rajabu, Shabani na Ramadhani. Lakini usikimbilie kalenda ya ukutani kuhakiki. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Mtoto anayezaliwa saa mbili usiku baada ya mchana wa Alhamisi amezaliwa usiku wa Ijumaa, na kwa wazee wa pwani huyo ni Juma pasi na shaka, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Alhamisi. Jina na cheti vinapopingana, mara nyingine vyote viwili vinasema kweli.

Kuna jambo jingine linalolegeza uhusiano wa jina na siku, nalo ndilo kubwa zaidi. Mtoto hurithi jina la babu. Juma wa kwanza katika ukoo huenda alizaliwa Ijumaa. Mjukuu anayelibeba jina lake anaweza kuzaliwa siku yoyote. Kwake yeye jina halitaji tena siku bali linamtaja mzee fulani.

Waungwana, watumwa na wasafiri

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea tunapohakiki wahusika kwa majina yao.

Majina ya siku na ya heri, kama vile Juma, Hamisi, Baraka na Mabruki, yalikuwa miongoni mwa yale waliyopewa watumwa waliofikishwa pwani wakiwa na majina mengine kutoka makwao. Aliyetekwa bara akiwa na jina la babu yake aliweza kuamkia Unguja akiitwa kwa jina la siku. Mtu anayejua habari hiyo atashawishika kusema kwamba Juma ni jina la kitwana. Hapana. Tazama jina kamili la mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa, aliyefariki Unguja mwaka wa 1905 na aliyeacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajabu el-Murjebi. Babu yake ni Juma, na baba wa babu ana jina la mwezi. Jina lilelile lilibebwa na aliyenunua na aliyenunuliwa. Halikuwa alama ya tabaka, na mhakiki anayelitumia kupima tabaka ya mhusika anajenga juu ya mchanga.

Bwana huyo tunamjua zaidi kama Tippu Tip. Mwenyewe alilihusisha jina hilo na mlio wa bunduki zake. Wengine walidai limetokana na kupepesa macho kwake. Kwa vyovyote vile, hilo silo jina alilopewa na wazazi. Walilibuni waliomwona au kumsikia akija.

Mfano wa pili unanifaa zaidi. Mwaka wa 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alipokuwa akivuka bara kutoka pwani ya mashariki, alipokelewa katika nchi ya Waluba, ambayo sasa imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mfanyabiashara aliyeitwa Juma Merikani. Merikani ni ile bafta nzito iliyoletwa kutoka Marekani na kutumika kama fedha katika njia za misafara. Sasa ligawe jina hilo mara mbili. Sehemu ya kwanza, Juma, haikuambii lolote kuhusu tabia wala kazi ya mtu huyu. Sehemu ya pili inakupa bidhaa yake na mahali pake katika biashara ya karne ya 19. Majina mawili ya mtu mmoja, na kazi mbili tofauti. Liweke akilini hili, tutalihitaji.

Jinsi lilivyofika bara

Sasa turejee kwa yule msichana ambaye ni Mkristo na babake ni Juma. Kwao ni magharibi mwa Kenya.

Jina hili liliingia bara kwa zaidi ya mlango mmoja. Mlango wa mashariki ni wa misafara: wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Nabongo wa Wawanga katika karne ya 19, na Mumias ukawa mji wenye Waislamu na Kiswahili kabla reli haijafika Kisumu mwaka wa 1901. Mlango wa kaskazini hausemwi sana. Mwaka wa 1891 Lugard alichukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha akawaleta Uganda, na baadhi ya wenzao na wazao wao ndio Wanubi wa Uganda na wa Kibra, Nairobi. Hao hawakulipokea jina la Juma kutoka Mombasa. Walikuwa nalo tayari, kutoka Kiarabu cha Sudani. Ndiyo sababu unapokutana na Juma kaskazini mwa Uganda au Sudan Kusini si lazima umtafutie babu wa Kiswahili.

Lakini mlango ukiwa wazi, kwa nini wenyeji waliingiza jina hili nyumbani? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu lilikuta mahali palipokwisha kuandaliwa. Waluo humwita Otieno aliyezaliwa usiku, Odhiambo aliyezaliwa jioni. Wakalenjin wana Kipkoech wa alfajiri. Wabukusu wana Wafula wa mvua, Wekesa wa mavuno na Wanjala wa njaa. Kumpa mtoto jina la wakati aliozaliwa hakukuwa jambo geni hata kidogo. Siku ya juma ilikuwa wakati mmoja zaidi. Isitoshe, ni jina la silabi mbili, zote zikiishia kwa irabu, na halimwumizi mtu ulimi. Ndani ya vizazi vichache likawa jina la Luhya na la Luo kama mengine, likaandamana na majina ya ubatizo bila ugomvi. Hayati Profesa Calestous Juma, mwanasayansi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard hadi alipofariki mwaka wa 2017, alizaliwa Port Victoria, Busia. Atakayesoma jina lake na kuhitimisha dini yake atakuwa amehitimisha mapema.

Na haya hayako kwetu tu. Wahausa wa Nigeria wana Danjuma, yaani mwana wa Ijumaa, na Jenerali Theophilus Danjuma anayelibeba jina hilo ni Mkristo. Watajiki wa Asia ya Kati wana Jumaboy. Ghana neno ni jingine kabisa ila desturi ni ileile: Kofi ni mvulana wa Ijumaa, na Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938.

Tena kuna Juma mmoja ambaye kila mwalimu wa Kiswahili anamfahamu, na ambaye hana kabila wala dini: yule wa vitabu vya sarufi. Juma anacheza mpira. Juma alimpiga Ali. Juma amepigwa na Ali. Amekuwa kiima na yambwa, ametendwa, ametendewa na kutendeshwa, na hajalalamika. Nadhani huyu ndiye aliyenifanya niandike "halina maana". Kwa miaka mingi nimelitumia jina hili kujaza nafasi ya kiima ubaoni, hata likageuka kwangu kuwa nafasi tupu.

Kurudi kwa swali la (c)

Katika kifungu changu mlikuwa na majina matatu ya aina tatu, na aibu ni kwamba sikuliona hilo nilipokuwa nikitunga.

Kufuli ni lakabu. Lilibuniwa na wahusika wenyewe ndani ya hadithi kutokana na mwenendo wa bawabu, na yeye ana jina jingine la kuzaliwa. Ndugu zake katika historia ni Tippu Tip na lile Merikani la Juma wa Uluba. Tamaa ni majazi kama tunavyolitumia neno hilo darasani: jina ambalo mwandishi amempa mhusika ili lioane na tabia yake, na hakuna anayelishangaa ndani ya hadithi. Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea (2012) anajisifu kwa uandishi ilhali anaiba mswada wa kijana Amani. Kakake Mtemi Nasaba Bora anaonyesha upande wa pili: jina linadai ubora, matendo yanaukana, na hapo majazi yanasaidiana na kinaya.

Juma je? Huyu ni mgumu. Jina lina asili, lina maana, lakini asili si majazi. Karibu kila jina la Kiarabu katika fasihi yetu lina maana ukifungua kamusi. Maimuna wa Utengano (1980) ni mfano ninaoupenda: neno hilo katika Kiarabu ni la mtu mwenye baraka, na sote tunajua dhiki anayopitia msichana yule. Je, ni kinaya kilichokusudiwa? Huenda. Lakini mtahiniwa akiandika "Maimuna ni majazi kwa kuwa maana yake ni mbarikiwa" akakomea hapo, ametupa tafsiri ya neno, hajatupa uhakiki. Anapaswa kuonyesha pale ambapo matini inalifanya jina lifanye kazi. Katika riwaya ya Daniel Defoe ya 1719, Robinson Crusoe anampa mtu aliyemwokoa jina la Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku aliyomwokoa. Hapo matini yenyewe inaitaja siku, inamtaja aliyetoa jina, na inatuachia swali la kwa nini hakumwuliza mwenzake aliitwa nani kwao. Jina la namna hiyo linastahili aya nzima ya uhakiki.

Kwa hivyo, wewe mtahiniwa, unapofikia jina la mhusika usianze na maana yake. Anza na ushahidi. Je, kuna sentensi katika kitabu inayolifungamanisha jina na tabia au tukio? Ukiipata, inukuu, kisha ndipo uitoe maana. Usipoipata, liache jina, utafute hoja nyingine ambayo utaweza kuitetea.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilijiona nimeshinda mabishano. Nikakitoa kifungu changu kabatini ili nikisome tena kwa utulivu. Sentensi ya tatu inasema kwamba Juma alishika zamu siku hiyo baada ya kutoka kwenye sala ya Ijumaa.

Niliiandika mimi, ili kuonyesha wakati tu, wala sikumbuki kuwaza lolote kuhusu jina. Lakini imo. Mtahiniwa angeinukuu, angekuwa na siku, sala, jina na uaminifu, vyote ndani ya kifungu, na mimi ningekosa sababu ya kumnyima alama hizo mbili. Hakuinukuu. Jibu lake linasema "siku ya ibada" na kuendelea.

Mwenzangu anashikilia kwamba mtahiniwa aliiona sentensi ile, ndiyo maana akawaza ibada, na kwamba alama moja ya kutaja ni haki yake. Mimi nashikilia kuwa hatusahihishi kilichomo kichwani bali kilichomo karatasini. Tulimpa ile alama moja, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu. Nimeyafuta pia maneno niliyoandika kando yake, ingawa wino mwekundu haufutiki vizuri.

Msichana wa viti vya nyuma naye alienda nyumbani kuuliza. Alirudi na habari kwamba babake alipewa jina la babu yake, naye babu huyo alilipata kwa rafiki waliyefanya naye kazi kwenye reli. Siku aliyozaliwa rafiki huyo hakuna anayeikumbuka. Nimemwomba aiandike habari hiyo kama insha, na amenionya kwamba itapita kurasa mbili.